Mwongozo kamili: Kutafsiri "fail" na "failure" bila kuandika "kushindwa" kila mahali

Mfasiri hukutana na neno "fail" kwenye hati za mahakama, taarifa za hospitali, programu za simu na mizaha ya mtandaoni, na mara nyingi mkono huandika "kushindwa" kabla kichwa hakijafikiri. Ndipo tunaposoma kwamba mshtakiwa "alishindwa kufika mahakamani" kumbe alikuwa ameketi kwake kwa hiari, au kwamba mgonjwa "ameshindwa dawa" kumbe dawa ndiyo haikumsaidia.

Kiingereza kimelitwika neno hili mizigo mingi: kukosa, kuacha, kufilisika, kuharibika, kudhoofika, kufeli, na tangu miaka ya 2000 hata kelele ya kumcheka mtu aliyejiaibisha. Kiswahili kinataka uchague mzigo mmoja. Historia tutaigusa pale tu ambapo mwaka wa maandishi unabadilisha tafsiri.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Matini nzima. Usipokee sentensi zilizokatwa peke yake. Angalau uwe na sentensi 2 kabla na 2 baada ya kila "fail".
- Mwaka matini ilipoandikwa na aina yake: sheria, habari, tiba, uhandisi, mzaha.
- Jedwali la safu 5: sentensi, mtendaji, kinachofuata baada ya "fail", je alijaribu, kitenzi ulichochagua.
- Kamusi mbili. Moja ya Kiingereza na Kiswahili, nyingine ya Kiingereza pekee yenye mifano ya sentensi. Ya kwanza peke yake haitoshi, kwa sababu itakupa "shindwa, feli, kosa" bila kukuambia lini utumie lipi.
- Kwa kazi ya programu: picha za skrini na kikomo cha herufi za kila ujumbe.
- Namba ya simu ya mtu wa fani husika. Daktari mmoja au wakili mmoja anatosha.

## Hatua ya 1: Kusanya kila "fail" iliyomo

Tafuta herufi "fail" kwenye faili lote. Utapata "fails", "failed", "failing", "failure", "failover" na "fail-safe" kwa mpigo mmoja. Zinakili zote kwenye safu ya kwanza ya jedwali.

Usianze kutafsiri moja moja unaposoma. Ukifanya hivyo, kitenzi ulichochagua ukurasa wa kwanza kitakuvuta hadi wa mwisho, hata pale kisipofaa. Ukiziona zote pamoja, tofauti zake hujitokeza zenyewe.

Umefaulu hatua hii ikiwa idadi ya mistari kwenye jedwali ni sawa na idadi iliyoonyeshwa na kitafutio.

## Hatua ya 2: Angalia kinachofuata baada ya neno

Sarufi ya Kiingereza hukupa nusu ya jibu bure. Jaza safu ya tatu kwa kufuata mwongozo huu:

- "Fail to" pamoja na kitenzi: nenda hatua ya 3. Hapa ndipo penye makosa mengi.
- "Fail" pamoja na mtihani, kipimo au ukaguzi: hatua ya 4.
- "Fail" bila kitu chochote mbele, na mtendaji ni kifaa au kiungo cha mwili: hatua ya 5.
- Mtendaji ni kampuni, benki, mazungumzo, muswada au mpango: hatua ya 6.
- "Fail" pamoja na mtu anayetendewa, au "a failure" akitajwa mtu: hatua ya 7.
- Neno limesimama peke yake kama kelele, mara nyingi kwa herufi kubwa: hatua ya 8. Likiwa ujumbe wa programu: hatua ya 9.

Misemo michache iondoe mapema, maana imeganda. "Without fail" ni "bila kukosa". "He never fails to greet" ni "hakosi kusalimu". "Failing that" ni "hilo likishindikana". "I fail to see why" si kukiri udhaifu. Ni kebehi, na Kiswahili chake ni "sioni kwa nini". "Failing eyesight" ni "macho yanayofifia", na "failing health" ni "afya inayozorota".

## Hatua ya 3: Jiulize kama alijaribu

Hili ndilo swali linalobeba mwongozo wote. "Kushindwa" kumetokana na "kushinda": kuna pambano, kuna juhudi, kuna kitu kilichomzidi mtu nguvu. Ukiandika "alishindwa kulipa", msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba alitaka kulipa ila hakuwa na uwezo. "Failed to pay" haisemi hivyo. Inasema tu kwamba malipo yalitarajiwa na hayakufanyika.

Kwa hiyo una ngazi nne, na kila moja ina uzito wake:

Hakulipa. Tukio tupu. Halimsafishi wala halimlaumu. Ukiwa na shaka, anza hapa.

Alikosa kulipa, au hakulipa kama alivyotakiwa. Kuna wajibu ambao haukutimizwa. Magazeti ya Kenya hutumia sana "alikosa kufika mbele ya kamati". Msomaji wa Tanzania amezoea zaidi "hakufika mbele ya kamati", na akikutana na "alikosa kufika" anaweza kusita kidogo. Jua unamwandikia nani.

Alishindwa kulipa. Alijaribu, au hakuwa na uwezo. Tumia pale tu matini inapoonyesha hivyo.

Alikataa kulipa. Hii imevuka mpaka. Usiitumie kamwe kutafsiri "failed", kwa sababu inaongeza nia ambayo chanzo hakikusema, na kwenye habari za mahakama nyongeza hiyo inaweza kukuletea kesi.

Kwenye sheria tofauti hii ni ya lazima. Kuna fungu la maneno linalojirudia katika sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza: "fails, neglects or refuses". Waandishi wake wametenganisha mambo matatu makusudi. Kiswahili chake kinaweza kuwa "asipofanya, akizembea au akikataa kufanya". Ukiweka "akishindwa" mahali pa kwanza, umempa mshtakiwa kisingizio ambacho sheria haikumpa.

Kiswahili kina vifaa vizuri vya kukanusha ambavyo wafasiri huvisahau kwa sababu Kiingereza hakina mfano wake:

- Sharti: "If you fail to register" ni Usipojiandikisha. Neno moja limemaliza kazi. "Ukishindwa kujiandikisha" ni ndefu na ina maana nyingine.
- Rejeshi: "Any person who fails to submit" ni Mtu yeyote asiyewasilisha.
- Nomino: "Failure to pay" ni kutolipa. Kumbuka vitenzi vya silabi moja hubaki na "ku": kutokuja, kutokula, kutokuwa. Kadhalika kutokwenda.

Kwenye habari za siasa kuna mtego mwingine. Mwandishi wa Kiingereza akisema "the minister failed to mention the debt", anamchoma waziri kwa sindano ndogo: alitakiwa kutaja. "Waziri hakutaja deni" ni sahihi lakini sindano imedondoka. "Waziri hakugusia kabisa deni" inairudisha. "Waziri alishindwa kutaja deni" inafanya aonekane ulimi ulikuwa mzito.

Michezo ndiko "kushindwa" kunakofaa mara nyingi, kwa sababu juhudi ipo wazi: "alishindwa kufunga licha ya kubaki na kipa peke yake". Ila penalti "huikosi" kwa kushindwa, unaikosa tu.

Umefaulu hatua hii ikiwa kila mstari wa "fail to" una jibu "ndiyo", "hapana" au "haijulikani" kwenye safu ya nne, na kila "haijulikani" imepata kikanushi kitupu kama "hakulipa".

## Hatua ya 4: Mitihani na vipimo

Shuleni kazi ni rahisi. "Kufeli" kumekaa, kila mtu anakuelewa, na Kenya utasikia pia "kuanguka mtihani". Mwalimu "anamfelisha" mwanafunzi. Vyuoni Tanzania kuna ngazi ambazo neno moja "fail" halizionyeshi: mwenye "sapu" amefeli somo na atalirudia kwenye mtihani wa nyongeza, lakini "aliyedisko" ameondolewa chuoni. Ukitafsiri simulizi la chuo, uliza ni ipi kati ya hizo. Usiyaweke maneno haya kwenye barua rasmi.

Vipimo vya maabara ni habari nyingine. "The athlete failed a doping test" haimaanishi alifanya vibaya. Maana yake amekutwa na dawa iliyopigwa marufuku. "Amefeli kipimo" inaeleweka mitaani, lakini kwenye habari andika "vipimo vimeonyesha ametumia" au, kwa tahadhari zaidi, "sampuli yake imekutwa na", kwa kuwa kukutwa na dawa na kuitumia makusudi hubishaniwa tofauti.

Hapo hapo kuna neno linalowachanganya waandishi wa riadha: "whereabouts failure". Wanariadha waliomo kwenye orodha maalumu ya kupimwa hutakiwa kueleza mapema watakuwa wapi. Kanuni za dunia za kupambana na dawa hizo zinahesabu makosa 3 ndani ya miezi 12 kuwa ukiukaji, hata kama hakuna dawa iliyopatikana. Makosa hayo ni ya aina mbili: kutowasilisha taarifa sahihi za mahali, na kutopatikana wapimaji walipokuja. Andika "kosa la taarifa za mahali alipo". Ukiandika "amefeli vipimo" umemtuhumu mtu kwa jambo ambalo hajashtakiwa nalo.

## Hatua ya 5: Mashine, mwili, mvua na mazao

Kanuni ni hii: kitu hakijaribu, basi mara nyingi hakishindwi. Taja kilichotokea. Kiswahili kina kitenzi cha kila ajali:

- Umeme hukatika. Kenya stima pia hupotea.
- Injini huzima, au hugoma kuwaka.
- Breki hufeli (gari linaweza "kufeli breki"), na usihangaike kulisafisha neno hili. Limeshakuwa Kiswahili cha barabarani na cha polisi wa usalama barabarani.
- Mtandao hukatika au husumbua.
- Ukuta huporomoka, nguzo hukatika, bomba hupasuka.
- Mvua hazinyeshi. Mazao hukauka, huharibika au hayastawi. "Crop failure" bila maelezo iandike "kukosekana kwa mavuno".

Chanzo kisiposema kilichotokea, tumia "hitilafu". "Technical failure" ni "hitilafu ya kiufundi". "Kasoro" ni upungufu uliokuwepo tangu mwanzo, pengine kitu bado kinafanya kazi. "Ubovu" ni hali ya kudumu. Ndege inapata hitilafu angani. Ubovu wake ulipaswa kuonekana karakana.

### Onyo la tiba

Hapa makosa yanaweza kumuumiza mtu. "Heart failure" imezoeleka kama "moyo kushindwa kufanya kazi", na mgonjwa anayesoma hivyo hudhani moyo utasimama muda wowote, au anajiuliza mbona bado unadunda. Ukweli ni kwamba moyo unaendelea kupiga lakini hausukumi damu ya kutosha mahitaji ya mwili. Kwenye kipeperushi cha wagonjwa andika "moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha". "Cardiac arrest" ndiyo "moyo kusimama ghafla". Usizibadilishane: ya kwanza mtu anaweza kuishi nayo miaka akiwa kwenye dawa, ya pili inahitaji kukandamizwa kifua dakika hiyo hiyo.

Kwa figo, "figo kushindwa kufanya kazi" inatosha, ila ongeza "ghafla" au "kwa muda mrefu" kama chanzo kimetofautisha, kwa sababu ile ya ghafla mara nyingine hupona.

Madaktari wa Kiingereza pia huandika "the patient failed treatment". Ni lugha ya kazini na haina ubaya kwao, lakini ikitafsiriwa neno kwa neno inamtupia mgonjwa lawama. Geuza mtendaji: "matibabu ya awali hayakumsaidia" au "dawa za awali hazikufanya kazi". "Failure to thrive" kwa mtoto mchanga ni "mtoto kutoongezeka uzito na kutokua inavyotarajiwa"; ndefu, lakini mama ataielewa.

### Maneno ya uhandisi yanayodanganya

"Fail-safe" haimaanishi kitu kisichoharibika. Maana yake ni karibu kinyume: kitu kimebuniwa kwa kukubali kwamba kitaharibika, na kikiharibika kiangukie upande wa usalama. Breki za treni zinazotumia upepo ni mfano wake: bomba likikatika na upepo ukatoka, breki hukamata badala ya kuachia. Tafsiri: "hubaki salama kinapoharibika".

Milango ya kielektroniki nayo ina aina mbili. Ule wa "fail-safe" hufunguka umeme ukikatika ili watu watoke. Ule wa "fail-secure" hubaki umefungwa ili mali isiibiwe. Ukiandika "salama" kwa yote miwili, fundi anaweza kufunga kitasa cha stoo kwenye mlango wa dharura. Andika "unaofunguka umeme ukikatika" na "unaobaki umefungwa umeme ukikatika", hata kama jedwali la bei litajaa.

"Failover" ni "kuhamia mtambo wa akiba".

## Hatua ya 6: Biashara, siasa, mipango

Sasa angalia mwaka. Katika magazeti ya Kiingereza ya karne ya 19, "he failed" bila nyongeza mara nyingi ni habari ya pesa: alifilisika. "The failures of 1857" ni kampuni na benki zilizoanguka katika msukosuko wa mwaka huo, uliowashwa Agosti na kuanguka kwa Ohio Life Insurance and Trust Company. Nyumba ya fedha ya Overend, Gurney ya London ilipoanguka Mei 1866, neno lilikuwa lile lile. Kwa maandishi ya kipindi hicho anza na "kufilisika", kisha tafuta sababu ya kubadilisha.

Kwa maandishi ya leo, "bank failure" kwa kawaida ina maana ya kiofisi: mdhibiti ameifunga au ameichukua benki. Benki Kuu ya Tanzania ilipofuta leseni za benki 5 Januari 2018 kwa sababu ya uhaba wa mtaji, Kiswahili cha tukio kilikuwa "kufungwa kwa benki" au "kufutiwa leseni". Imperial Bank ya Kenya, Oktoba 2015, iliwekwa kwanza chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyeteuliwa kuiendesha. Kwa hiyo uliza hatua gani ilichukuliwa, uiandike hiyo. "Benki imefeli" ni ya vijiweni.

Duka au mradi mdogo hauhitaji msamiati mzito: biashara "imekufa".

Mambo yasiyo ya pesa yana vitenzi vyake. Mazungumzo huvunjika, au hukwama kama bado yana matumaini. Muswada haupiti. Hoja huanguka. Mapinduzi huzimwa, na hapa Kiswahili kimeshakusaidia: ukisema "jaribio la mapinduzi", msomaji anajua tayari kwamba hayakufanikiwa, hivyo "jaribio la mapinduzi lililoshindwa" ni kumwaga maji mtungi ukiwa umejaa. "Failed state" ni "dola iliyoporomoka". "Failed asylum seeker", lugha ya ofisi za uhamiaji za Uingereza, ni "mwombaji hifadhi aliyekataliwa ombi lake": ombi ndilo lililokataliwa.

Matini ikiwa na mdundo wa kisimulizi, misemo ipo, lakini kila mmoja una mahali pake. Mpango uliozuiwa na kikwazo umegonga mwamba. Uliopotea njia umekwenda mrama. Uliokuwa mzuri ukaharibikia katikati umetumbukia nyongo. Mtu aliyerudi bila kitu ameambulia patupu au ametoka kapa. Usiweke miwili katika aya moja.

## Hatua ya 7: Mtu anapoitwa "a failure", au anapoangushwa

Kuwa mwangalifu. Kiingereza kinaweza kumfanya mtu mzima awe nomino ya kushindwa: "he is a failure". Kiswahili hupendelea kusema lililotokea: "hakufanikiwa maishani", au kwa vijana "amefeli maisha". "Mshinde" ni aliyeshindwa kwenye mashindano. Usimvike mtu aliyeacha chuo.

"The system failed her" huandikwa sana kwenye ripoti za uchunguzi. "Mfumo ulimshindwa" haisomeki, na mbaya zaidi, mtu unayemshindwa ni yule aliyekushinda kwa tabia yake. Chaguo la jumla ni "mfumo ulimwangusha". Lililo bora ni kutaja wajibu: "mfumo haukumlinda", "hospitali haikumpokea", "polisi hawakuchukua maelezo yake". Taasisi ikiomba radhi kwa "we failed you", "tumewaangusha" inatosha na inauma ipasavyo.

Umefaulu ukiweza kujibu: nani alitakiwa kufanya nini?

## Hatua ya 8: "FAIL" ya mtandaoni

Hapa neno limebadilisha hata aina yake. Kwa kizazi cha mtandao "fail" ni nomino na ni kelele: "epic fail", "what a fail". Mizizi yake hutajwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Kijapani wa 1998, Blazing Star, uliomwambia aliyepoteza "You fail it!", Kiingereza kilichopinda kikapendwa kwa kupinda kwake. Mwaka 2008 kulikuwa na tovuti nzima, Fail Blog, ya picha zilizopigwa muhuri wa neno hilo, na watumiaji wa Twitter waliita "Fail Whale" mchoro wa nyangumi uliotokea mtandao huo ulipozidiwa.

Athari kwa mfasiri: maandishi ya kabla ya miaka ya 2000 hayana maana hii. Ukikutana na "a fail" kwenye barua ya zamani, usilete mzaha.

Kwa maandishi mapya, usitafute nomino. Tafuta kauli ambayo watu wangeitoa wakitazama video hiyo hiyo. Tanzania: "amechemka!", "amebugi!", na kwa aliyekosea kusema, "amechapia!" Kenya: "amechoma picha!" Misimu huchacha haraka, hivyo kama tafsiri itadumu miaka, kama manukuu ya filamu, "aibu gani hii!" itazeeka vizuri zaidi.

Kwenye lugha ya kampuni changa, "fail fast" husifiwa: "jaribu mapema, uache mapema kisichofaa". Kwa mwandishi wa programu ni kitu kingine: programu isimame mara tu kosa linapotokea badala ya kuendelea na data mbovu. Angalia nani anaongea.

## Hatua ya 9: Ujumbe wa programu na simu

Hapa ndipo Kiswahili kibovu kinaposomwa na watu wengi zaidi, na sababu yake ni ngeli. Msanifu wa programu ana neno moja "Failed" analolitumia kwa malipo, ujumbe, picha na faili. Kiswahili kinataka malipo *hayakukamilika*, ujumbe *haukutumwa*, picha *haikupakiwa*, faili *halikufunguka*.

1. Omba ujumbe ugawanywe: kila nomino na mstari wake. Eleza kwamba ni suala la upatanisho, si la ladha.
2. Ikikataliwa, tumia Imeshindikana. "I" yake haimwelekei mtu yeyote na "-ikana" inamficha mtendaji, jambo linalofaa hapa.
3. Ujumbe wenye nafasi ya kujazwa, mfano "%s failed", upange upya: "Hitilafu: %s". Huwezi kujua ngeli ya kitakachoingia.
4. Chagua wakati kwa makini. "Ujumbe haujatumwa" unaacha mlango wazi: simu bado inajaribu. "Ujumbe haukutumwa" umefunga: mtumiaji atume tena. Kiingereza kinaandika "failed" kwa yote mawili; muulize mwandishi wa programu kinachotokea nyuma.
5. Kwa pesa, ujumbe wa "Payment failed" ni pungufu hata kwa Kiingereza. Tafsiri "Malipo hayakukamilika", halafu dai mstari wa pili: "Pesa haijakatwa" au "Pesa itarudishwa". Bila huo mtu atalipa mara mbili.
6. "Login failed" iwe "Hukuweza kuingia. Angalia neno la siri."

Usitumie "Umeshindwa" kumwambia mtumiaji. Inamtupia lawama, na "Ushindwe!", ambayo mashine za tafsiri zinaweza kuitoa, watu huisikia kwenye maombi ya kukemea pepo.

Pima urefu. "Failed" ni herufi 6. "Imeshindikana" ni 13. Kikomo kikiwa 10, andika "Imegoma" kwenye programu za kawaida, na kwenye za benki omba nafasi.

## Hatua ya 10: Kagua

Tafuta "shind" kwenye tafsiri yote. Kwa kila "kushindwa", rudi safu ya nne ya jedwali: je, pale kuna "ndiyo"? Kama hakuna, badilisha, isipokuwa majina ya magonjwa ya hatua ya 5.

Kisha soma kwa sauti sentensi zenye "hitilafu" na "kufeli". Zikiwa zimerundikana, umehama kutoka ugonjwa mmoja kwenda mwingine.

Mwisho mpe mtu ambaye hajaiona matini ya Kiingereza sentensi 5 za kesi au za tiba, umuulize: nani ana kosa hapa? Jibu lake likitofautiana na chanzo, rudia hatua ya 3 kwa sentensi hiyo. Likilingana, peleka kazi.